Kasulu inasikiliza jirani

Panda hadi Mnanila, mpakani kabisa, uzungushe redio taratibu kutoka 88 kwenda 108. Utaipata TBC Taifa, utapata vituo vya Kigoma mjini, utapata mahubiri. Katikati yake, pengine kwa sauti safi kuliko hizo za kwetu, utapata Kirundi: taarifa ya habari, bei ya kahawa, matangazo ya vifo, mchezo wa kuigiza. Mama anayepepeta maharage kibarazani haachi kazi yake ili asikilize vizuri. Anasikia tu, kama anavyomsikia shemeji yake. Mrundi akizungumza, Muha anaelewa. Muha akijibu, hatafutwi mkalimani.

Redio hizo hazikuomba leseni Tanzania na hazina sababu ya kuomba. Mawimbi ya FM huenda mstari mnyoofu, na milima ya Makamba na Rutana inatazamana na vilima vyetu. Mnara ukisimamishwa upande ule, Kasulu, Buhigwe na Kibondo wanapata matangazo bila kupenda wala kukataa.

Sasa shuka Kasulu mjini. Kuna kituo kinaitwa Buha FM. Kimeomba, kimekaguliwa, kimepewa masafa na leseni. Kwa mujibu wa kanuni za maudhui ya utangazaji, lugha zake za hewani ni Kiswahili au Kiingereza. Kituo chenye jina la nchi ya Waha hakiwezi kusoma taarifa ya habari kwa lugha ya Waha. Nyimbo za Kiha zitapita, salamu moja mbili zitaponyoka mdomoni mwa mtangazaji, lakini kipindi cha mahindi, cha kliniki ya wajawazito au cha baraza la ardhi la kata lazima kiwe cha Kiswahili. Kiingereza nacho kinaruhusiwa, kwa yule bibi wa Heru Juu atakayekihitaji.

Sina ugomvi na leseni. Masafa ni machache na lazima yagawiwe. Mitambo ni hatari ikiachwa holela na lazima ikaguliwe. Ugomvi wangu ni na sharti moja lililobebwa ndani ya leseni hiyo, ambalo limetufanya watu wa mpakani tumsikilize jirani kuliko tunavyojisikiliza.

Woga wa dola kwa minara ni wa zamani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika kwetu, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Waingereza HMS Astraea ilianza kazi kwa kuupiga mabomu mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani pale Dar es Salaam. Waingereza wenyewe walipotawala walianzisha Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951. Baada ya Uhuru ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miaka karibu thelathini redio ilimaanisha hiyo. Haikuwa redio ya mchezo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza, vijijini, wakichimba vyoo kwa maelekezo yaliyotoka redioni.

Mlango wa vituo binafsi ulifunguliwa na Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993, lakini ulifunguliwa kwa kuegeshwa. Kituo binafsi hakikuruhusiwa kufika zaidi ya robo ya nchi. Radio One ilianza mwaka 1994 chini ya kizingiti hicho. Kisha, tarehe 1 Novemba 2003, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikaanza kazi ikiwa imeunganisha tume mbili za awali, ya utangazaji na ya mawasiliano. Leo inatoa leseni kwa ngazi: jamii, wilaya, mkoa, taifa. Hayo ndiyo ya vitabuni.

Kwa watu wa Kasulu na Kibondo, redio tuliyoiona kwa macho ilikuwa ile ya kwenye gari. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa Bujumbura Oktoba 1993, na baada ya vita vya Kongo kuanza mwaka 1996, wilaya zetu zilijaa kambi: Mtabila, Muyovosi, Nyarugusu, Kanembwa, Nduta, Mkugwa, Karago. Pamoja na wakimbizi zikaja Land Cruiser nyeupe, antena ndefu imeinamishwa kutoka bampa ya mbele hadi nyuma ya paa na kufungwa kwa kamba. Simu ya mkononi ilikuwa bado hadithi ya Dar es Salaam. Kilichokuwepo ni simu ya upepo. Dereva alikuwa na jina lake la herufi na namba, mlinzi wa ghala la chakula alikuwa na lake, nesi wa zamu alikuwa na lake. Watoto waliokulia Kibondo miaka ile walijua kusema “roja” na “ova” kabla hawajafundishwa Kiingereza kingine chochote.

Ukitaka kumweleza mtu kwa nini masafa lazima yawe na leseni, usimpeleke kwenye sheria. Mweleze namna simu ya upepo inavyofanya kazi. Wawili wakibonyeza kwa pamoja kwenye chaneli moja, hasikiki hata mmoja, au anasikika mwenye mtambo wenye nguvu zaidi. Kila shirika lingejichagulia masafa kwa matashi yake, nesi wa Nduta anayeita gari la wagonjwa usiku, mama amekwama kujifungua, angekutana na mtu wa Muyovosi anayehesabu magunia ya unga. Kwa hiyo mtu alikaa ofisini, akaligawia shirika hili masafa haya na lile masafa yale, akaandika nani ana mtambo gani na wenye nguvu kiasi gani. Urasimu wa namna hiyo umeokoa watu ambao hawatajua kamwe kuwa uliwaokoa.

Hata leo kazi hiyo ipo, na nadhani inafanywa kwa ulegevu. Vile vidude vya Kichina vya kuongelea vinauzwa madukani kama tochi. Walinzi wanavitumia, wakandarasi wanavitumia, wapiga picha za harusi wanavitumia, na wengi hawajui kwamba Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inamtaka mwenye mtambo wa redio awe na leseni. Kinachowashangaza ni kwamba mkono huohuo wa serikali ukitaka unafika hadi mfukoni. Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima usiku mmoja. Januari 2020 ulikuwa ukomo wa kusajili laini kwa alama za vidole.

Hapo kwenye alama za vidole ndipo Kigoma tulipoumia kuliko mikoa mingi. Laini ilitaka namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho kwetu hakipatikani kwa kuonyesha cheti tu. Unaulizwa babu amezikwa wapi. Unaulizwa shangazi ameolewa wapi. Wabunge wa mkoa huu wamelisema jambo hilo bungeni mara nyingi, na kiini chake ni kilekile: lafudhi. Muha akifungua mdomo, anasikika kama mtu wa ng’ambo, na akishasikika hivyo, mzigo wa kuthibitisha ni wake. Lugha yetu imekuwa ushahidi dhidi yetu. Ninaamini kwamba sharti la lugha redioni, ingawa halikutungwa kwa ajili ya Kigoma, likifika huku linakutana na shaka hiyohiyo na kuota mizizi mahali ambapo kwa Wachagga au Wahaya lingekuwa kero ndogo tu.

Tazama kilichofanyika kwa wakimbizi. Mwaka 1995 Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera pale Ngara, na baadaye matangazo yake yakafika Kibondo na Kasulu. Ilitangaza kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili. Ilieleza chanjo, mgawo wa chakula, majina ya watoto waliopotezana na wazazi, mazungumzo ya amani ya Arusha yaliyoongozwa na Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha na Mandela hadi saini za Agosti 2000. Serikali ya Tanzania iliruhusu, na ilifanya vyema. Mkimbizi asingeweza kuambiwa arudi au abaki kwa lugha asiyoielewa. Waha nao walikuwa wanasikiliza. Ndiyo kusema, kwa miaka mingi, kipindi cha afya kilichoeleweka vizuri zaidi kwa bibi wa kijijini Kibondo, raia wa Tanzania, kilikuwa kile kilichoandaliwa kwa ajili ya wageni wake.

Najua jibu. Najua kwamba ukitaja redio na lugha za makabila karibu na mpaka wa Rwanda na Burundi, mtu yeyote mwenye akili anaikumbuka RTLM, redio ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Tuikumbuke basi, lakini tuikumbuke yote.

RTLM ilianza kutangaza Kigali Julai 1993. Haikuwa redio ya porini. Tarehe 30 Septemba 1993 ilisaini mkataba na serikali ya Rwanda uliotaja masharti ya kuendesha kituo. Ilikuwa na karatasi zake. Waziri wa Habari, Faustin Rucogoza, aliwaita viongozi wake Novemba 1993, akawaonya. Akawaita tena Februari 1994, akawaonya mbele ya watu kwamba wanavunja mkataba na kuchochea chuki. Hawakufungiwa. Nyuma yao kulikuwa na wakubwa kuliko waziri. Mauaji yalipoanza Aprili, Rucogoza alikuwa miongoni mwa waliouawa kwanza.

Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilitoa hukumu dhidi ya Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura, tarehe 3 Desemba 2003. Hukumu hiyo ilisomwa Arusha, mwezi mmoja na siku mbili baada ya TCRA yetu kuanza kazi. Sijui kama kuna aliyeweka mafaili hayo mawili meza moja. Faili la Rwanda linasema kwamba leseni ilikuwepo, masharti yalikuwepo, mwenye kuyasimamia alikuwepo na aliyasimamia kwa ujasiri. Kilichokosekana ni mamlaka isiyotii simu kutoka Ikulu. Wala lugha haikuwa kosa. Kinyarwanda kilikuwa lugha ya redio ya taifa kabla ya RTLM, na kimebaki kuwa lugha ya redio baada yake.

Burundi wamejifunza upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 2015, baada ya Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu na jaribio la mapinduzi la Mei kushindwa, vituo vya RPA, Bonesha, Isanganiro na Télé Renaissance vilishambuliwa na kuharibiwa. Hata Rema FM, iliyokuwa karibu na chama tawala, haikusalimika. Vyote vilikuwa na vibali. Watu wakamiminika Kagunga, ufuko mwembamba wa ziwa usio na barabara, kipindupindu kikawaanza, MV Liemba ikawa inawabeba kuwapeleka Kigoma. Nyarugusu, iliyokusudiwa watu 50,000, ikapita 150,000 ndani ya miezi. Na redio? Waandishi waliokimbilia Kigali walianza kurekodi taarifa za habari na kuzituma kwa WhatsApp. Sauti hiyo haikupita kwenye mnara wowote wa Burundi, haikuhitaji masafa ya mtu. Simu zikarushiana hadi ndani ya kambi zetu. Ilikuja kuzimwa mwaka 2021, si kwa kanuni ya mawasiliano, bali Kigali na Gitega walipoanza kupatana.

Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba anailinda Kasulu kwa kukinyima kituo cha wilaya saa moja ya Kiha anafunga dirisha la nyumba isiyo na paa.

Hoja nzito zaidi inatoka Kenya, na sitaki kuipita juujuu. Baada ya Kameme FM kuanza mwaka 2000, vituo vya lugha za makabila vilichipuka kila kona. Ghasia zilipolipuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Waki ilikuta kwamba baadhi ya vituo hivyo vilichangia kuwasha moto. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa The Hague. Kesi yake ilivunjwa Aprili 2016. Mtanzania akisikia hayo anaishika kanuni yetu kwa mikono miwili, na simlaumu. Kiswahili kimetuunganisha kweli. Mimi Muha ninayeandika hapa naandika kwa Kiswahili na nisingetaka iwe vinginevyo.

Ila Kasulu haina kabila la pili la kugombea nalo uchaguzi. Hatari ya Kasulu ni nyingine, na ningependa wanaotaka Kiha redioni waikiri kabla hawajaulizwa: ni mkimbizi. Mtangazaji mwenye hasira, asubuhi moja baada ya mihogo kuibwa shambani, anaweza kusema maneno yatakayopeleka vijana na marungu hadi lango la kambi. Tusijidanganye kwamba Kiswahili kinatukinga na hilo. Maneno makali kuliko yote niliyowahi kuyasikia juu ya wakimbizi yalisemwa kwa Kiswahili fasaha, jukwaani, na watu wenye vyeo.

Na nani aliyetuambia kwamba lugha ya kikabila ikipita hewani taifa linapasuka? Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Saida Karoli aliimba Kihaya na nchi nzima, kuanzia Mtwara hadi Musoma, ikacheza bila kuelewa neno. Miongo mitatu kabla yake RTD yenyewe, kupitia idhaa ya nje, ilikuwa inarusha matangazo ya wapigania uhuru kwa Kireno, Kishona, Kindebele na lugha nyingine za kusini. Hatukuomba leseni kwa Ian Smith. Tulijua wakati ule kwamba mtu hufikiwa kwa lugha anayoota nayo.

Serikali imejaribu njia yake. Kibondo ilikuwa miongoni mwa wilaya za mpakani zilizofungiwa mitambo ya FM ya TBC ili kuongeza usikivu, na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umekuwa ukigharamia kazi za namna hiyo. Ni jambo zuri. Kuna vijiji ambako TBC haikusikika kabisa. Lakini usikivu ukishapatikana, msikilizaji ana kidole na kitufe. Asubuhi, kabla ya kwenda shamba, bibi wa Kitanga atasimama pale anapoelewa. Kama Kirundi kinamweleza ugonjwa wa mihogo kwa maneno anayoyatumia mwenyewe shambani, na Kiswahili kinamweleza kwa maneno ya mhadhiri wa Morogoro, hatakaa na mhadhiri kwa sababu ya uzalendo.

Wala sheria haihitaji kuvunjwa. Kanuni hizo za maudhui, zinapotaja Kiswahili na Kiingereza, zinaacha nafasi kwa idhini maalumu ya Mamlaka kwa lugha nyingine. Hiyo ndiyo njia ninayoipigia debe, kwa kuanzia Kasulu na Kibondo: saa chache kwa siku, zilizotajwa kwenye leseni, kwa mambo yaliyotajwa: kilimo, afya, ardhi, matangazo ya dharura, taarifa ya habari ya jioni. Siasa za uchaguzi zibaki Kiswahili. Hapo nakubaliana na waoga. Kila kipindi cha Kiha kirekodiwe na rekodi itunzwe. Mkimbizi anayetajwa vibaya apewe haki ya kujibu kwenye kipindi kilekile, kwa Kirundi chake, kwa kuwa wasikilizaji watamwelewa.

Tatizo la kweli ambalo ofisa wa leseni atalitaja, na atakuwa na haki, ni nani atakayesikiliza. Kamati ya Maudhui ya TCRA haiwezi kuhukumu matamshi isiyoyaelewa. Nayo inajulikana kwa kuhukumu haraka inapoelewa: mwaka 2020 Clouds na Wasafi zilionja kufungiwa kwa siku, na miaka minne kabla yake Magic FM na Radio 5 ya Arusha zilizimwa kwa amri ya waziri. Kwa hiyo waajiriwe wasikilizaji. Walimu wastaafu wa Kasulu wanaojua Kiha cha Heru na Kiha cha Muhambwe wapo, hawana kazi nyingi jioni, na posho yao haitafika bei ya semina moja ya siku mbili Dodoma. Wakisikia uchochezi waandike; na wakisikia diwani anasemwa kwa kuuza eneo la shule, waelewe kwamba huo si uchochezi.

Idhini yenyewe haihitaji Bunge likae. Kituo kimoja kiandike barua ya maombi, kiambatanishe ratiba ya vipindi na majina ya watangazaji, na Mamlaka ijibu kwa maandishi, hata kama jibu ni hapana, pamoja na sababu.